Nafasi ya Baiskeli Barabarani: Kutoka Nshamba hadi Bukoba

Baiskeli nyingi za mkoa wa Kagera husukumwa zaidi kuliko zinavyopandwa. Siku ya gulio huonekana zikitoka vibanjani katika vijiji vya Nshamba, Rubya na Kamachumu zikiwa na mikungu mitatu au minne ya ndizi. Miwili huning'inia kulia na kushoto mwa karia, mingine hulazwa juu yake, na yote hukazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu visivyolegea hata mvua ikinyesha. Mwenyewe hayuko juu ya tandiko. Anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kijiti kilichofungwa nyuma ya kiti, na kwa kijiti hicho anauzuia mzigo usielemee upande mmoja. Mkungu uliokomaa huwa na kilo 20 hadi 40. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kumbeba mtu mmoja huwa kimebeba kilo mia na ushei, na upana wake barabarani, pamoja na msukumaji, hupita mita moja.

Mjadala wa usalama wa baiskeli katika mkoa huu hauna budi kuanzia kwa mtu huyo. Vitabu vingi vya mipango miji vilivyoandikwa Ulaya humfikiria karani aendaye ofisini kwa baiskeli nyepesi katika mji tambarare. Bukoba, Muleba na Nshamba zina watu wengine: muuza maziwa na madumu yake, seremala na msumeno wake, mchuuzi wa dagaa anayetoka mwaloni kabla jua halijachomoza, mwanafunzi wa sekondari anayekaa mbali na shule, mama anayepelekwa zahanati akiwa amekalia karia. Barabara ikiwafaa hao, karani naye hatakosa pa kupita.

Mlima, mvua na lami

Mji wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Victoria. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mji ardhi hupanda ghafla. Kuelekea kusini, nchi ya Wahaya imepangika kwa migongo mirefu ya vilima inayokwenda sambamba na ziwa, na katikati yake mabonde. Nshamba, katika uliokuwa ufalme wa Ihangiro, iko juu nyandani. Mji wa Muleba uko kwenye barabara kuu iendayo Biharamulo. Mvua ya Bukoba ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma.

Mwinuko na maji hubadili hesabu yote. Baiskeli iliyozoeleka hapa ni ile nzito ya fremu ya chuma, Phoenix ya China au zinazofanana nayo kutoka India, isiyo na gia. Njia ikipanda zaidi ya mita tano au sita kwa kila mita mia, mtu wa kawaida hushuka na kusukuma hata kama hana mzigo. Mwendo wake wakati huo ni wa mtembea kwa miguu, pengine pungufu ya hapo. Akianza kuteremka, mambo hugeuka. Breki za fimbo za baiskeli hizi hubana raba kwenye ringi ya chuma iliyong'arishwa. Ringi ikilowa, raba huteleza na breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ndiyo sababu vijana wa milimani huonekana wakikanyaga tairi kwa kandambili ili kupunguza mwendo. Hiyo ni breki ya dharura iliyogeuka kuwa ya kila siku, ilhali raba mpya za breki ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa dukani.

Kisha kuna lami. Barabara ilipokuwa ya vumbi, mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki: lori lilipunguza mwendo litake lisitake. Lami imeleta nafuu kubwa, na hakuna mkulima anayetamani kurudi kwenye tope la masika. Lakini imeleta pia tofauti ya mwendo ambayo zamani haikuwapo. Lori au basi linaloruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo ya makazi humpita mtu anayesukuma ndizi kwa kilomita nne kwa saa, tena kwenye kona ya mlimani. Dereva anaweza kuwa mwangalifu na msukumaji naye mwangalifu, na bado pengo hilo la mwendo likabaki kuwa hatari kuliko uzembe wa yeyote kati yao.

Mahali pengo hilo linapomfikia mtu ni kwenye ukingo wa lami. Maji ya mvua hushuka kwa nguvu kando ya barabara, hula udongo wa bega, na kuacha ngazi kati ya lami na ardhi. Hatua moja zaidi ni mtaro wa wazi, mara nyingi wenye kina kinachomzidi mtoto. Mwendesha baiskeli anayesikia honi nyuma yake ana mambo matatu ya kuchagua: abaki kwenye lami na kuomba Mungu, ashuke ngazi hiyo na mzigo wake, au aingie mtaroni. Wengi huchagua la pili, na hapo ndipo baiskeli hupinduka bila gari kuigusa. Ajali ya namna hiyo haina namba ya gari, haina dereva wa kukamatwa, na mara nyingi haiandikwi popote. Anayeijua ni fundi anayenyoosha ringi na mke anayekanda mguu kwa maji ya moto.

Tiba yake inajulikana na haina maajabu. Bega la barabara hujazwa changarawe kila baada ya msimu wa mvua, hushindiliwa hadi lilingane na lami, na huwekewa mwinamo mdogo wa kumwaga maji. Palipo na uwezo, bega lenyewe huwekwa lami kwa upana wa mita moja na nusu au mbili. Mitaro ya katikati ya mji hufunikwa kwa mabamba ya zege yanayoweza kuinuliwa wakati wa kuzibua. Kazi hii haina ufunguzi wala utepe wa kukatwa na mgeni rasmi, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kusahauliwa kwake.

Mwendo wa magari kwanza

Dereva aendaye kilomita 50 kwa saa akimwona mtu mbele yake, sekunde moja ya kushtuka tu humpeleka karibu mita 14 kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari huhitaji kama mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 30 kwa saa, kushtuka na kusimama vyote pamoja huchukua kama mita 13. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la kilomita 30 limekwisha kusimama, lile la kilomita 50 bado halijaanza kupunguza mwendo. Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki kwa kiasi kile kile cha mwendo. Kutoka 30 kwenda 50 hufikia karibu mara tatu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulikwenda mbali zaidi: ulipendekeza kilomita 30 kwa saa popote magari yanapochanganyika mara kwa mara na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Katikati ya Nshamba siku ya gulio, au kuzunguka soko la Bukoba, ni mahali pa namna hiyo hasa.

Kibao pekee hakimzuii mtu. Kinachomzuia ni umbo la barabara lenyewe, na hapa ndipo matuta yanapoingia, pamoja na kasoro zake. Tuta jembamba lenye mgongo mkali huwakera madereva, lakini linayemwumiza zaidi ni mwenye mzigo: karia huruka, spoku hukatika, mkungu hulegea. Baadhi ya mafundi wa barabara huacha upenyo pembeni ili baiskeli ipite, na upenyo huo huo hugeuka kuwa njia ya bodaboda kupita bila kupunguza mwendo. Lililo bora ni tuta pana lenye mgongo bapa na miteremko ya taratibu pande zote mbili, ambalo baiskeli hupanda bila kishindo. Likichorwa zebra juu yake, huwa kivuko kilichoinuliwa: gari ndilo linalopanda kwenda kwa mtu, na mtu hashuki kwenda kwa gari. Rasta zinazotangulia humwamsha dereva mapema, ila zikifika hadi ukingoni humtikisa mwendesha baiskeli naye, hivyo zinapaswa kukoma kabla ya bega.

Ushahidi wa faida ya mambo madogo kama haya umo nchini. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam mwaka 2012 mpango wa kukagua barabara za maeneo ya shule na kuzirekebisha, kwa njia za miguu, matuta, vivuko, vibao na vizuizi vya kutenga njia ya watoto na ya magari. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba majeruhi miongoni mwa wanafunzi wa shule hizo walipungua hadi kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na World Resources Institute, ikiwa ni mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Hapakuwa na barabara ya juu wala taa za kisasa. Palikuwa na saruji, rangi na mtu aliyekwenda kuangalia watoto wanavuka wapi.

Yaliyojaribiwa Morogoro na Dar es Salaam

Wazo la kuipa baiskeli nafasi yake si geni Tanzania. Katika miaka ya 1990 mpango wa usafiri wa Afrika Kusini mwa Sahara, uliosimamiwa na Benki ya Dunia, ulifanya majaribio Morogoro na Temeke kwa upande wa Tanzania, na Nairobi na Eldoret kwa upande wa Kenya. Yaliyopatikana yaliandikwa mwaka 2001 na Marius de Langen na Rustica Tembele katika mwongozo wa usafiri wa miguu na baiskeli kwa miji ya Afrika. Fundisho mojawapo la majaribio hayo lingali na maana kwa mji wa kadiri ya Bukoba: marekebisho madogo yaliyochaguliwa pamoja na wenyeji, kwenye njia ambazo watu tayari wanazipita, hufaa kuliko njia moja ndefu iliyochorwa ofisini.

Dar es Salaam ilipata njia hiyo ndefu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mradi ulikuja pia na njia za miguu na baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, ulikuwa miongoni mwa sauti zilizodai nafasi hiyo kwa miaka. Mwaka 2018 jiji lilishinda Tuzo ya Usafiri Endelevu. Hata hivyo, anayepita huko leo hukuta vipande vya njia hizo vimekaliwa na pikipiki zilizoegeshwa, bidhaa za wamachinga au gari la mtu aliyeingia dukani “dakika mbili tu”. Kwenye makutano, mahali ambapo ulinzi unahitajika zaidi, njia hupotea na mwendesha baiskeli hujikuta tena katikati ya daladala. Rangi chini bila ukingo wa kuitenga haimzuii mtu anayetafuta maegesho, na njia isiyoungana na nyingine haimfikishi mtu aendako. Mji wa Seville nchini Hispania ulilielewa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2006 hivi ulijenga mtandao wa takriban kilomita 80 kwa muda mfupi, wote ukiwa umeungana na kutengwa na magari, na safari za baiskeli ziliongezeka mara kadhaa ndani ya miaka michache.

Kuna wanaosema Kagera si Ulaya, na kwamba Wazungu walizaliwa na utamaduni wa baiskeli. Uholanzi, inayotajwa kila mara, ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani mwaka 1971, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliandamana, baiskeli zikalazwa barabarani, na serikali ikabadili namna ya kujenga. Utamaduni wa baiskeli unaosifiwa leo ulilindwa kwa maandamano na bajeti.

Bukoba: mji wa safari fupi

Bukoba ina bahati ya ukubwa wake. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 128,796 katika manispaa, na safari nyingi kati ya Kashai, Hamugembe, Bakoba, Miembeni na soko hazifiki kilomita tano. Kwa baiskeli isiyo na mzigo hizo ni dakika 20 hadi 25, bila nauli na bila kungoja daladala ijae. Sehemu ya chini ya mji, karibu na ziwa, ni tambarare kiasi cha kumfaa hata mzee.

Kikwazo ni kwamba kila kitu kinapita mahali pamoja. Lori la kupakia ndizi, basi la mikoani, bodaboda, mkokoteni na mwanafunzi wote hugombea mitaa michache ya soko na stendi. Mji wa Groningen, Uholanzi, ulikabili tatizo la aina hiyo mwaka 1977 kwa kugawa katikati ya mji sehemu nne: gari liliweza kuingia sehemu yoyote, lakini kutoka moja kwenda nyingine lilipaswa kuzunguka nje, huku baiskeli ikikata moja kwa moja. Bukoba haihitaji kuiga ramani hiyo. Inaweza kuanza kwa kupanga saa za kupakia na kupakua, kwa mfano alfajiri na baada ya jioni, na kuitenga mitaa miwili mitatu ya sokoni iwe ya miguu, baiskeli na mikokoteni wakati wa mchana.

Baiskeli hupenda njia ya mkato, na mkato mara nyingi huzuiwa na maji. Mto Kanoni unaopita mjini hufurika mvua zinapozidi, na anayetaka kuvuka hulazimika kufuata magari hadi kwenye daraja lao. Kidaraja chembamba cha miguu na baiskeli, chenye upana wa mita mbili na nusu na vyuma vya pembeni, humwondoa mtu kwenye barabara kubwa kabisa, jambo ambalo hakuna kofia ngumu inayoweza kulifanya. Pale ambapo baiskeli haina budi kupita na magari kwenye kipilefti, kanuni ni kiwe kidogo na chenye mstari mmoja wa magari, ili mwendo uwe mdogo na baiskeli ishike katikati ya njia yake badala ya kubanwa ukingoni.

Baiskeli isiyo na pa kuegeshwa nayo haifai kitu. Kwenye soko, hospitali, bandari na stendi, vyuma vichache vilivyopindwa na kuzikwa kwenye zege, chini ya kibanda cha bati chenye mlinzi anayelipwa kwa tozo ndogo, humwondolea mtu hofu ya wizi. Karibu na hapo apewe nafasi fundi baiskeli, ambaye leo hukaa chini ya mwembe kwa hisani ya mwenye duka. Vyombo vyake ni beseni la maji, pampu, tupa ya kukwaruza mpira, kopo la gundi na kopo la gololi. Huchovya tyubu majini, huifinya taratibu hadi mapovu yajitokeze, huweka alama, hukausha, hukwaruza na kubandika kiraka, na muda si mrefu mwenye baiskeli yuko njiani. Akihamishwa na mgambo kila baada ya miezi michache, waendesha baiskeli wa mji mzima huhangaika. Halmashauri inayomtengea mita nne za mraba imefanya kazi ya barabara.

Usiku una shida zake. Karibu na ikweta giza huingia mnamo saa moja jioni mwaka mzima, wakati watu wengi ndio kwanza wanarudi nyumbani. Dinamo zilizokuwa zikiwaka kwenye baiskeli za zamani zimetoweka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataja breki inayofanya kazi, kengele, taa nyeupe au ya njano mbele, na taa nyekundu pamoja na kiakisi mwanga chekundu nyuma. Kiakisi ni kipande cha plastiki kisichotumia betri. Hata madigadi ya nyuma yaliyopakwa rangi nyeupe husaidia. Trafiki anayesimamisha baiskeli na kumbandikia mtu kiakisi atakuwa amefanya jambo la maana zaidi kuliko anayemtoza faini.

Nshamba na vituo vyake vya biashara

Kituo cha biashara kama Nshamba kina sura inayofanana na vingine vingi: barabara moja, maduka pande zote mbili, kijiwe cha bodaboda penye njia panda, gulio, na mtaro unaotenganisha barabara na baraza za maduka. Gari linalopita hapo limetoka kwenye barabara ya wazi na halina sababu ya kupunguza mwendo mpaka dereva aone watu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni mlango wa mji, yaani kivuko kilichoinuliwa na rasta kabla ya duka la kwanza, kila upande. Jambo la pili ni kusogeza kijiwe cha bodaboda mita kadhaa kutoka kwenye njia panda, ili anayetokea barabara ndogo aone na aonekane. La tatu ni uwanja wa kushushia ndizi nje ya barabara, kwa sababu baiskeli kumi zilizoegemezwa kwenye ukingo wa lami zikisubiri mnunuzi humsukuma kila mtu mwingine katikati.

Kwenye milima yenyewe kuna jambo ambalo wahandisi wa tambarare hawalihitaji. Anayepanda na anayeteremka hawahitaji nafasi sawa. Anayepanda huenda polepole, huyumba, na upana wake pamoja na mzigo hupita mita moja. Anayeteremka huenda kwa mwendo unaokaribia ule wa magari yaliyopunguza kasi. Fedha zikiwa chache, bega pana la mita mbili linafaa kujengwa upande wa kupanda tu, na upande wa kuteremka upate uso usioteleza na kona iliyosafishwa vichaka ili mtu aone mbele. Changarawe haikai kwenye miteremko mikali. Msimu mmoja wa mvua huisafirisha yote hadi bondeni. Mwanza imeonyesha njia kwa barabara zake za mawe kwenye vilima: ni ngumu kwa mgongo, lakini hazisombwi. Kwenye vichochoro vya kupita migombani, palipojengwa ngazi, ukanda wa saruji wa upana wa kiganja na nusu pembeni mwa ngazi humwezesha mtu kupandisha gurudumu bila kuinua baiskeli begani.

Pikipiki imebadili mengi. Kanuni za mwaka 2010 ziliiruhusu bodaboda kubeba abiria kwa leseni, na vijana wengi waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli wamehamia huko. Wachache hukumbuka kwamba bodaboda yenyewe ilianza kama baiskeli, miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia. Lakini bodaboda ni nauli, na nauli ya kila siku humshinda mwanafunzi. Huko Zambia, utafiti uliowafuatilia wasichana waliopewa baiskeli za kwendea shule uliona muda wa njiani ukipungua kwa karibu theluthi moja na utoro ukipungua kwa zaidi ya robo. Mzazi wa Muleba hatampa binti yake baiskeli ikiwa njia ya shule ni ile ile ya malori, hata kama baiskeli yenyewe ataipata bure.

Katika yote haya mwendesha baiskeli ana wajibu wake: kushika kushoto, kutobeba mzigo unaoziba macho, kukagua breki kabla ya mteremko, kutokata barabara bila kutazama nyuma. Dereva naye ana wake, na mkubwa kati yake ni nafasi anapopita. Hispania humtaka dereva aache mita moja na nusu kati yake na baiskeli. Ufaransa hutaka mita moja mjini na moja na nusu nje ya mji. Upepo wa lori linalopita karibu unatosha kumwangusha mwenye mikungu minne bila chuma kumgusa. Mafunzo kwa pande zote mbili yanafaa, ila hayachukui nafasi ya bega lililojazwa.

Marekebisho haya yana wenyewe: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Saa za kupakia, gulio, vijiwe na maegesho ni mambo ya halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango yake hukusanywa miezi mingi kabla, kuanzia kijijini na katani. Wenye baiskeli wa Nshamba wanaotaka mtaro ufunikwe na bega lijazwe waanze kwa kuhesabu: baiskeli ngapi zinapita siku ya gulio, ngapi zimebeba mzigo, wapi watu huanguka. Hesabu hiyo waipeleke kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani wao kabla bajeti haijafungwa.